Mwalimu, ada ya mwaka wa tatu ataitoa nani?

Swali la wiki lililopita lilitoka kwa mwalimu wa shule ya msingi wa Mbozi. Binti yake kamaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), akakosa nafasi ya Shahada ya Famasi Muhimbili na Bugando. Wakala mmoja kamtafutia chuo binafsi India: ada dola 3,000 kwa mwaka, hosteli na chakula mbali. Mwalimu ana kiwanja Vwawa, mnunuzi keshapatikana. Mkatuuliza wasomaji: binti aende, au abaki aombe tena mwakani?

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mfamasia wa hospitali, na sehemu ya kazi yangu ni kusimamia watarajali, yaani wahitimu walio kwenye mafunzo ya kazi kabla ya kusajiliwa. Wanaokuja kwangu wamo waliosoma hapa nchini na waliosoma nje, kwa hiyo haya mambo nayaona mwishoni kabisa, pale vyeti vinapowekwa mezani. Jibu langu ni kwamba kiwanja usiuze kwanza, na binti aombe tena. Lipo sharti moja ambalo likitimia nitamwambia aende, nitalitaja huko mbele.

Naanza na umbali ili tuumalize. Wengi wakisikia India wanafikiria bahari na miaka minne bila kumwona mtoto. Mtoto wa Sumbawanga anayesoma Mwanza naye kwao haendi kila wikiendi. Simu zipo, Watanzania wenzake huko wapo, wapishi wa ugali hawakosekani. Umbali unauma siku pesa inapochelewa, kwa sababu kule hakuna shangazi wa kumlaza wiki mbili wala mfanyabiashara wa mtaani anayemjua baba yake. Kwa hiyo tuzungumze pesa.

Dola 3,000 mara miaka minne ni dola 12,000, hiyo ni ada tupu. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa kama shilingi 2,300. Mwaka uliofuata ilipita 2,700. Ada ile ile ya dola 3,000 ilitoka milioni 6.9 ikafika milioni 8.1, na chuo hakikupandisha hata senti. Wewe unalipwa mshahara kwa shilingi. Baadaye shilingi inaweza kupanda tena, sawa, lakini hakuna mzazi anayepanga ada kwa kuombea shilingi. Ongeza nauli ya ndege, viza, bima, hosteli, na chakula cha miezi kumi na miwili.

Nilichokiona mimi ni kwamba mwaka wa kwanza una wafadhili wengi. Kiwanja kinauzwa, ukoo unachanga, kanisani wanaita jina lake mbele na kumwombea, wajomba wanaahidi. Mwaka wa pili baba anakopa SACCOS. Mwaka wa tatu mdogo wake yuko kidato cha tano, SACCOS bado wanakata, wajomba hawapokei simu, na kiwanja kilishaliwa zamani. Ndipo zinaanza zile meseji za usiku: "Baba, wamesema bila kumaliza ada siingii chumba cha mtihani." Aliyeko Dodoma akikwama hivyo anaweza kuomba kuahirisha mwaka, akarudi nyumbani, akatafuta kibarua. Aliyeko nje anakaa kwa viza ya mwanafunzi, na viza hiyo inategemea yeye kuwa mwanafunzi. Tena mwaka wa tatu ndio famakolojia na kemia ya dawa zimekolea, si wakati wa mtoto kukosa usingizi kwa sababu ya ada.

Ukimpeleka nje kwa pesa zako, Bodi ya Mikopo haimo katika safari hiyo. Bodi inamkopesha aliyedahiliwa katika chuo kinachotambuliwa hapa nchini. Wenye ufadhili wa serikali kwa serikali wana utaratibu wao, huo tuuache. Akipata nafasi hapa ana haki ya kuomba ada, vitabu, mafunzo kwa vitendo, na pesa ya chakula na malazi ambayo tangu 2022/23 ni shilingi 10,000 kwa siku. Najua mtoto wa mwalimu anaweza asipewe asilimia zote. Najua pia vyuo binafsi vinatoza juu ya kiwango cha Bodi na tofauti inakuangukia wewe. Hata hivyo, ukitoa nusu ya mzigo, nusu inayobaki mwalimu anaweza kuibeba. Watu wanalalamikia ile asilimia 15 ya mshahara inayokatwa mhitimu akianza kazi. Mimi nilikatwa, na ilikuwa inauma kila mwisho wa mwezi, ila nilikatwa nikiwa na kazi na cheti, si baba yangu akiwa hana kiwanja.

Sasa barua ya wakala. Mwambie binti aichukue aisome mstari kwa mstari, atafute jina la kozi. India kuna D.Pharm ya miaka miwili, hiyo ni stashahada. Kuna B.Pharm ya miaka minne, ndiyo shahada unayoitaka. Kuna na Pharm.D ya miaka sita, mwaka wa mwisho ukiwa wa mafunzo ya kazi hospitalini. Zote tatu wakala mzembe atakuandikia "Pharmacy" tu. Ukishajua ni ipi, tafuta kama chuo hicho kimo katika orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa na Baraza la Famasi la India. Orodha iko wazi mtandaoni, na chuo kuwa na majengo mazuri kwenye vipeperushi hakukiingizi humo. Halafu rudi nyumbani: TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, inatoa barua ya kutokuwa na pingamizi kwa anayekwenda kusoma nje, na wakala mwenyewe anatakiwa awe anatambuliwa na TCU. Mwulize kibali chake. Akikwambia hayo mambo yatashughulikiwa mbele ya safari, mwambie pesa nayo itashughulikiwa mbele ya safari.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu anayerudi na shahada ya nje anapita TCU kwanza cheti kitambuliwe, ndipo Baraza la Famasi limshughulikie, na utarajali wa mwaka mmoja unamsubiri kama unavyomsubiri aliyesoma Muhimbili. Bila usajili wa Baraza huyo si mfamasia, hata awe amesoma wapi. Miaka minne kwako unapaswa kuihesabu mitano na ushee.

Lile sharti langu ndilo hili. Kama pesa ya miaka yote minne inajulikana leo inatoka wapi, kwa mfano kuna ndugu mwenye kipato cha kueleweka ambaye amekaa chini na mkeo na wewe akasema mbele ya watu kwamba ada yote ni yake, au chuo kimetoa punguzo kubwa kwa maandishi kwa miaka yote, na B.Pharm ni B.Pharm kweli, na chuo kimo kwenye orodha, basi aende. Vijana wanarudi kutoka huko wakiwa wazuri sana kazini, na wengine wana mikono mizuri ya maabara kuliko wetu. Sina neno na India.

Upande wa kuomba tena nao una udanganyifu wake. Kuomba tena na matokeo yale yale, kwenye vyuo vile vile viwili, ni kukaa stendi kusubiri basi lililokwishaondoka. Lazima kitu kibadilike.

Rahisi kuliko vyote ni kupanua wigo. Tangu 2017 udahili wa pamoja uliokuwa ukiendeshwa na TCU haupo, mwombaji anaomba chuoni moja kwa moja. Bado nakutana na vijana walioomba Muhimbili tu, wakakosa, wakasema "famasi nimekosa". Kuna Mtakatifu Yohana pale Dodoma, kuna Kampala International kampasi ya Gongo la Mboto, na si hivyo tu. Ni vya binafsi na ada yake si ya Muhimbili, lakini ni ya shilingi na Bodi inavifikia. Awamu ya pili na ya tatu nazo zipo kwa sababu watu waliopata vyuo viwili vitatu wanathibitisha kimoja na kuacha nafasi wazi.

Kama kilichomwangusha ni Kemia, arudie Kemia. Anajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, mtihani ni Mei, matokeo yanatoka mapema kiasi cha kuwahi dirisha la udahili. Kabla ya kulipa aulize vyuo anavyovitaka vinayachukuliaje matokeo ya vikao viwili, asije akarudia kitu ambacho hakitamsaidia. Fizikia ikiwa ndiyo mbovu, ushauri wangu ni mwingine, maana sijaona wengi wanaoipandisha peke yao nyumbani bila maabara wala mwalimu.

Njia ya tatu ndiyo naipenda kuliko watu wanavyoipenda: stashahada. Miaka mitatu, anakuwa fundi dawa sanifu. Nyumba nyingi zinaiona aibu, eti mtoto wa kidato cha sita akakae darasa moja na wa kidato cha nne. Darasa hilo hilo atalipita kwa Kemia yake ya Advance bila jasho. Akimaliza na GPA isiyopungua 3.0 anaweza kuomba shahada kama mwombaji mwenye sifa linganifu, na tayari ana taaluma inayotambuliwa na Baraza. Ndiyo, tatu na nne ni saba. Lakini katikati ya hiyo saba anaweza kusimama miaka miwili akafanya kazi, akaweka akiba, akakusaidia na yule mdogo wake. Katika watarajali wangu, waliopitia stashahada nawatambua wiki ya kwanza, kwa sababu hawaliogopi dirisha la dawa.

Hilo dirisha binti alione kabla ya kutumia pesa ya mtu yeyote. Wengi wanaoandika famasi kwenye fomu walitaka udaktari, famasi ikaja ya pili. Si dhambi, lakini kazi zenyewe hazifanani. Jumatatu saa tatu asubuhi anakuja mama na mtoto wa kilo 13, malaria imeonekana, mkononi ana karatasi ya dawa mseto. Vidonge ni sita. Unamwambia: kimoja sasa hivi hapa hapa nikimwona anameza, cha pili baada ya saa nane, ambayo ni saa kumi na moja jioni, kisha kesho na keshokutwa kimoja asubuhi na kimoja jioni. Apewe na maziwa au chakula chenye mafuta kidogo. Akitapika kabla ya nusu saa, arudie. Mama anaitikia. Halafu unamwomba akurudishie maelezo, na hapo ndipo unagundua saa nane ameisikia kama saa nane mchana. Unaanza upya, nyuma yake kuna watu thelathini, na mmoja anagonga kioo. Akimaliza kuelewa anauliza, "Homa ikishuka kesho si niache, hizi nyingine nimwekee akiba?" Unaanza tena. Hiyo ndiyo famasi ya hospitali, ukiacha ripoti ya stoo na maombi ya dawa kwenda Bohari ya Dawa. Mtu anayeliona jambo hilo kuwa la kuchosha anaweza kuwa mtafiti mzuri au mtu wa kiwandani, ila ajijue mapema.

Kuna wengine watakwambia, Mwalimu, kwamba pesa yoyote ya famasi inarudi, kwa sababu hata asipoajiriwa atakodisha cheti: kila famasi kisheria lazima iwe na mfamasia msimamizi, basi cheti kinatundikwa ukutani, mwenyewe yuko mkoa mwingine, kila mwezi anatumiwa chake. Yapo, nayajua, Baraza nalo linayajua na linayapiga vita. Usiingize pesa hiyo kwenye hesabu zako. Ajira yenyewe ya serikali ni ya kutangazwa na kufanyiwa usaili, si ya kupangiwa kama zamani, kwa hiyo ukikopa kwa kutegemea atalipa mara tu akimaliza, unakopa kwa kubahatisha.

Wakala atakupigia wiki hii akwambie nafasi zinajaa. Kama bado una hamu ya India, mwambie akutumie akaunti ya chuo chenyewe, si namba yake ya simu, na jedwali la malipo ya miaka yote minne lenye muhuri. Wakati unasubiri, binti aende kituo cha mtihani cha karibu akaulize usajili wa watahiniwa wa kujitegemea, kwa sababu hufungwa miezi mingi kabla ya Mei. Abebe na namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, Baraza la Mitihani (NECTA) wataihitaji, na Bodi ya Mikopo pia.

Mfamasia, Iringa