Maswali ya Wasomaji: Historia na Ibada katika Miji ya Wayoruba

Katika toleo lililopita tulieleza kwa ufupi jinsi miji na vijiji vya Wayoruba, kusini magharibi mwa Nigeria, vinavyoitaja Ile-Ife kuwa chimbuko lao. Barua zilizofuata ni nyingi, na karibu zote zinagusa jambo moja: historia ambayo haikuandikwa, tena imefungamana na ibada, ishikwe vipi na mtu anayetaka kujua ukweli? Nimechagua barua sita.

Nimesoma kwamba Oduduwa alishuka kutoka mbinguni kwa mnyororo, na pengine nimesoma kwamba alikuwa mwana wa mfalme wa Makka. Ipi ndiyo historia? (Msomaji, Dodoma)

Zote mbili husimuliwa kuhusu Oduduwa, anayehesabiwa kuwa babu wa wafalme wa Wayoruba, na kila moja ina wenyewe. Katika simulizi la Ile-Ife, Olodumare, aliye Mungu Mkuu, alimtuma Obatala ashuke akaitengeneze nchi kavu juu ya maji yaliyokuwa yameenea kila mahali, akampa udongo, jogoo mwenye vidole vitano na kokwa la mchikichi. Obatala alikunywa tembo njiani, akalewa, akalala. Oduduwa akavichukua vile vitu, akashuka, akaumwaga udongo juu ya maji, na jogoo akauparua mpaka ukaenea. Wanaomwabudu Obatala hawaonji tembo hata leo, na mwiko huo, unaoshikwa na watu walio hai, ndio unaolinda kumbukumbu ya tukio lile kuliko maneno yenyewe. Wanahistoria wengi wanaona ndani yake kumbukumbu ya wenyeji wa kale, walioshikamana na Obatala, na kundi jingine lililokuja kutwaa utawala kwa jina la Oduduwa.

Habari ya Makka imo katika historia ya Wayoruba iliyoandikwa na Samuel Johnson, mchungaji wa Kianglikana aliyefanya kazi Oyo na kukusanya maneno ya arokin, yaani wasimulizi wa ikulu ya mfalme wa Oyo. Johnson alimaliza kuiandika mwaka 1897. Mswada ukapotea mikononi mwa wachapishaji huko Uingereza, naye akafariki mwaka 1901 bila kuuona tena. Ndugu yake, Obadiah Johnson, aliuandika upya kutokana na maandishi yaliyobaki, na kitabu kikatoka mwaka 1921. Johnson mwenyewe hakukubali kwamba Wayoruba walitoka Makka. Wakati simulizi hilo linaandikwa, Uislamu ulikuwa umekwisha kuingia katika nchi hiyo kwa muda mrefu, na kuifunga nasaba ya mfalme na Makka kulikuwa kuipa heshima iliyotambulika mbali. Wasomaji wa pwani wanaifahamu namna hii ya kusimulia asili kutokana na habari za Washirazi.

Neno la Kiyoruba kwa masimulizi ya aina hii ni itan, na itan haisimuliwi ili kupitisha usiku tu. Hutolewa pale kiti cha utawala kinapogombaniwa, ardhi inapodaiwa, au mfalme wa mji mmoja anapokana kwamba mwenzake ana haki ya kuvaa taji la shanga lenye nyuzi zinazoufunika uso, ambalo ni la wale wanaojihesabu wazao wa Oduduwa. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kuuliza kama itan fulani ni ya kweli, uliza ni nani anayeisema, amesimama katika ua wa nani, na anashikilia nini kwa kuisema. Ukijua hayo, hata tofauti kati ya masimulizi mawili inakuwa habari yenye thamani.

Bila maandishi, kijiji kinawezaje kukumbuka mambo ya miaka mia kadhaa? Naomba mfano mmoja tu, lakini kamili. (Msomaji, Tanga)

Mfano wangu ni Osogbo, ambao leo ni makao makuu ya jimbo la Osun, lakini ulianza kama makazi madogo kando ya mto. Wenyeji husimulia kwamba Larooye na Timehin waliondoka Ipole kwa sababu ya ukame, wakawaongoza watu wao hadi mtoni. Walipokata mti ili kufyeka mahali pa kukaa, mti uliangukia majini, na sauti ikatoka ndani ya mto ikilalamika kwamba vyungu vyake vyote vya nili vimevunjwa. Ilikuwa sauti ya Osun, mungu wa kike wa mto huo. Kukawa na mapatano: watu wasogee mbali kidogo, wamheshimu Osun kila mwaka, naye atawalinda. Mfalme alipotoa sadaka mtoni, samaki alimjia mkononi, na ndiyo maana wafalme wa Osogbo huitwa Ataoja, yaani anayenyoosha mkono akampokea samaki.

Tazama vile vyungu. Osogbo ulijulikana kwa kutia nguo rangi ya nili, kazi ya wanawake, na Wayoruba wakauita mji wa nili. Kazi hiyo imehifadhiwa ndani ya malalamiko ya mungu wa mto, na hakuna mtoto wa Osogbo anayeweza kusimulia asili ya mji wake bila kuitaja.

Kisha kila mwezi wa Agosti simulizi hilo hutembea kwa miguu. Taa yenye ndimi kumi na sita huwashwa usiku. Siku nyingine mataji ya wafalme waliopita hukusanywa na kuombewa, na kwa watu wanaoyatazama yakiwa yamepangwa pamoja, orodha ya wafalme inakuwa kitu cha kuonekana kwa macho. Siku ya kilele, msichana ambaye hajaolewa, wa ukoo wa kifalme, anayeitwa Arugba, hubeba kichwani buyu lenye sadaka ya mji mzima, lililofunikwa kwa kitambaa, akaenda nalo hadi msituni kwenye ukingo ule ule. Umati humfuata ukiimba na kuomba, na macho ya wengi huwa kwenye miguu yake, kwa kuwa akijikwaa huhesabiwa kuwa ishara mbaya. Mtoto aliyeishuhudia safari hiyo akiwa mgongoni mwa mama yake hahitaji kufundishwa mji wake ulianzia wapi.

Msitu wenyewe una hekta 75 hivi, na katikati ya karne ya 20 ulikuwa ukikatwa na kusahauliwa. Susanne Wenger, msanii mzaliwa wa Austria aliyefika Nigeria mwaka 1950 na kuingizwa katika ukuhani wa dini ya wenyeji, alishirikiana na mafundi wa Osogbo kujenga upya mahali pa ibada na kuweka sanamu kubwa kati ya miti. Sehemu yake ikatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1965, na mwaka 2005 msitu ukaingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Wapo wanaosema sanamu hizo zina mkono wa kigeni mno. Mimi naona kwamba bila kazi ile msitu ungekuwa viwanja vya nyumba, na Arugba asingekuwa na mahali pa kupeleka buyu lake.

Nje ya sherehe kuna oriki, majina ya sifa ya mtu, ukoo, mji au mungu, ambayo mabingwa wake mara nyingi ni wanawake, wakiwemo wale walioolewa katika ukoo na kujifunza sifa zake. Mjukuu anapopiga magoti asubuhi kumwamkia bibi yake, bibi humwitikia kwa oriki yake, na Wayoruba husema kwamba anayesifiwa hivyo huhisi kichwa kikimfura. Usidhani ni sifa tupu: oriki hutaja pia vita vilivyoshindwa, ugomvi wa ndugu na tabia za aibu za mababu, na hilo hunifanya niiamini zaidi.

Je, Ifa ni kupiga ramli tu? (Msomaji, Mombasa)

Neno ramli linakuja karibu kuliko unavyodhani, kwa sababu elimu ya raml ya Waarabu hutumia maumbo kumi na sita ya alama moja moja na mbili mbili, na Ifa, yaani uaguzi wa Wayoruba, nayo imesimama juu ya maumbo kumi na sita ya namna hiyo. Wataalamu wengi wameuona undugu huo. Lakini ile "tu" uliyoiweka ndiyo inayoharibu swali.

Babalawo, yaani baba wa siri, huketi mbele ya ubao wa mti uliochongwa ukingoni na kunyunyiziwa unga mwepesi wa mti uliotafunwa na wadudu. Huwa na kokwa kumi na sita za mchikichi katika kiganja, zilizong'aa kwa kushikwa miaka mingi, na hujaribu kuzinyakua zote kwa mkono wa pili kwa mara moja. Ikibaki moja, huchora mistari miwili kwenye unga. Zikibaki mbili, huchora mmoja. Isipobaki hata moja, au zikibaki zaidi ya mbili, hurudia. Hufanya hivyo mpaka apate alama nane katika safu mbili za nne nne. Umbo hilo huitwa odu, na zipo odu 256.

Kila odu ina beti zake, na hapa ndipo historia ilipo. Ubeti kwa kawaida huwataja waaguzi wa zamani, ukasema walimwagulia nani, mtu huyo alikuwa na shida gani, aliambiwa atoe sadaka gani, akatoa au akakataa, na yakampata nini. Anayeuliza huwa hajamwambia babalawo shida yake. Ameinong'onezea sarafu au tunda la kola. Babalawo hughani ubeti mmoja baada ya mwingine, na ni mwenye shida anayeutambua ule unaomhusu. Mwanafunzi wa Ifa huanza mara nyingi akiwa mtoto, akahifadhi beti kwa miaka mingi akimtumikia mwalimu wake, na akikosea husahihishwa mbele ya wenzake. UNESCO iliitangaza Ifa mwaka 2005 kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa binadamu usioshikika. Mimi huiona kuwa maktaba iliyowekwa vifuani mwa watu, na kila babalawo anayefariki bila mwanafunzi hunihuzunisha.

Rafiki yangu Mnigeria anasema Esu ni Shetani. Je, Wayoruba humwabudu Shetani? (Msomaji, Mwanza)

Hapana. Rafiki yako anatumia neno kama lilivyo katika Biblia ya Kiyoruba, ambayo kazi yake iliongozwa na Samuel Ajayi Crowther. Crowther alitekwa utumwani akiwa kijana mwaka 1821, akaokolewa baharini na meli ya Waingereza mwaka 1822, akasoma Freetown, na mwaka 1864 akawa askofu wa kwanza Mwafrika katika Kanisa la Anglikana. Katika tafsiri hiyo jina Esu liliwekwa pale penye Shetani, na tangu hapo limebaki na doa hilo.

Katika dini ya Wayoruba, Esu ndiye mlinzi wa njia panda na mpelekaji wa sadaka, na hakuna ibada inayofika bila yeye kupewa fungu lake. Ni mgumu na ana hila. Husimuliwa kwamba alipita kati ya mashamba ya marafiki wawili amevaa kofia yenye rangi moja upande huu na nyingine upande ule, nao wakapigana kwa sababu kila mmoja alikuwa na hakika ya rangi aliyoiona. Lakini si adui wa Olodumare. Ni mtumishi wake.

Wayoruba wengi sasa ni Waislamu au Wakristo. Mila hizi hazijafa? (Msomaji, Zanzibar)

Zimepungua sana, ila hazijafa. Ndani ya ukoo mmoja utakuta Mwislamu, Mkristo na mtu wa Ifa wakila pamoja siku ya Idi na siku ya Krismasi. Baadhi ya koo zimebadili majina, zikaondoa Ifa au Ogun, mungu wa chuma, mwanzoni na kuweka Olu au Jesu, na hapo sehemu ya historia ya ukoo hukatika, kwa kuwa jina ndilo lililosema kazi na ibada ya babu. Tarehe 20 Agosti ni siku ya dini ya jadi, na majimbo kadhaa, yakiwemo Osun na Oyo, huifanya sikukuu.

Nimepata nafasi ya masomo Ile-Ife na ningependa kusikiliza wazee vijijini. Nianzeje? (Msomaji, Morogoro)

Anza na sikio, kwa sababu Kiyoruba ni lugha ya toni. Baale kwa irabu na toni moja ni mkuu wa nyumba, na kwa irabu na toni nyingine ni mkuu wa kijiji, baba wa ardhi. Utakwenda kwanza kwa huyu wa pili, ukiwa na kola mkononi. Wanaume husujudu kifudifudi mbele ya wazee na wanawake hupiga magoti, na mgeni anayejaribu hupokelewa vizuri hata akikosea. Ukikutana na egungun, yaani roho za wahenga zinazotoka zimefunikwa nguo tabaka juu ya tabaka, usiguse nguo hizo. Ukiambiwa Oro, ibada ya wanaume ambayo wanawake hawaruhusiwi kuiona, inatoka, uliza mapema wenyeji wanakutaka ukae wapi. Ikiwa wewe ni mwanamke, ni lazima ubaki ndani.

Usiishie ikulu. Nenda ua kwa ua, kwa wawindaji, kwa wahunzi, kwa wapiga ngoma, na hasa kwa wanawake wazee. Mwanamke akianza kughani oriki usimkatize ili umuulize maana ya neno. Mwache amalize, umshukuru, uende zako, kisha urudi kwake siku ya pili na neno hilo moja.