Maswali ya Wasomaji: Bastola ya Baba Juu ya Kabati

SWALI: Mume wangu ni mfanyabiashara wa dagaa, na mara nyingi hurudi nyumbani usiku akiwa na fedha za mauzo kutoka soko la Mwaloni, Kirumba. Baada ya kuvamiwa njiani aliomba leseni, akafuata taratibu zote, akaruhusiwa kumiliki bastola. Sina ugomvi na hilo. Tatizo ni kwamba akifika nyumbani huiweka juu ya kabati la nguo, chini ya blanketi, ikiwa na risasi zake, na husema kwamba watoto hawafiki huko wala hawajui. Wiki mbili zilizopita, tukiwa tunachambua mchele, mwanangu wa miaka saba aliniuliza kama “kile cha baba cha juu ya kabati” ni kizito kuliko mwiko wa ugali. Nilikosa jibu. Nilipomweleza mume wangu, alimwita mtoto, akamkanya kwa ukali, na kwake jambo likaisha. Kwangu halijaisha. Je, ninavuka mpaka nikiendelea kulisema? (Mama wa watoto watatu, Buhongwa, Mwanza)

JIBU: Dada yangu, huvuki mpaka wowote. Nianze na hilo swali la mwiko, kwa sababu ndilo lililobeba habari yote. Mtoto haulizi uzito wa kitu asichojua kuwa kipo, na anayeuliza uzito ama amekwisha kukinyanyua ama anajiandaa kukinyanyua. Yale mawili anayoyategemea mume wako, kwamba watoto hawafiki na hawajui, yameanguka yote. Kiti kimoja cha mezani kinatosha kumfikisha mtoto wa miaka saba juu ya kabati.

Wazazi wengi hudanganyika hivyo. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti uliofanyika Alabama, Marekani, ambako wazazi wenye bunduki nyumbani waliulizwa peke yao, na watoto wao wakaulizwa peke yao. Miongoni mwa wazazi waliosema kwamba mtoto hajui bunduki inapowekwa, asilimia 39 walipingwa na watoto wenyewe. Na miongoni mwa waliosema kwamba mtoto hajawahi kuishika, asilimia 22 walipingwa vivyo hivyo. Mtoto huijua nyumba kuliko mwenye nyumba, kwa kuwa yeye ndiye anayeshinda humo akitafuta la kufanya.

Kuhusu kukanya, naomba mume wako asome aya hii polepole. Huko huko Marekani, katika jiji la Atlanta, watafiti waliwaweka wavulana 64 wa umri wa miaka 8 hadi 12, katika makundi ya wawili au watatu, ndani ya chumba kilichofichwa bastola halisi isiyo na risasi, kisha wakawaangalia bila wao kujua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Makundi yalikuwa 29. Kati yake, 21 yaliikuta bastola, 16 yaliishika, na katika makundi 10 angalau mtoto mmoja alivuta kifyatulio. Karibu nusu ya wavulana walioikuta walidhani ni ya kuchezea au hawakuwa na hakika. Lililonikaa moyoni zaidi ni kwamba, kati ya walioishika au kuifyatua, zaidi ya asilimia 90 walikuwa wamekwisha kupewa mafunzo ya tahadhari juu ya silaha. Walikuwa wamekanywa, dada yangu, kama mwanao alivyokanywa. Sisemi kwamba kukanya hakufai. Mkanye mtoto, umfundishe kwamba akiona silaha asiiguse, aondoke, amwite mtu mzima. Ninalosema ni kwamba maneno hayo hayawezi kupewa kazi ya kufuli.

Kuna jambo la kiufundi ambalo hata baadhi ya wenye leseni hulisahau: kutoa magazini, yaani kile kibweta cha risasi kinachochomekwa kwenye mpini, hakuifanyi bastola kuwa tupu. Risasi moja huweza kubaki ndani ya chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa tayari kufyatuliwa, na kwa bastola nyingi hiyo moja hufyatuka hata kama magazini iko mfukoni mwa baba. Ndiyo maana mtu akisema “nimetoa risasi”, aulizwe kama amevuta nyuma sehemu ya juu ya bastola na kuangalia chemba kwa macho yake. Wala tusijifariji kwamba vidole vya mtoto ni dhaifu. Mtoto anayeshindwa kwa kidole kimoja hutumia vidole gumba viwili, na anapofanya hivyo mtutu huwa umemwelekea yeye mwenyewe.

Upande wa sheria, nchini mwetu umiliki wa silaha unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na leseni hupewa mtu aliyetajwa kwa jina, si familia yake wala nyumba yake. Zaidi ya hapo, Kanuni ya Adhabu inamtaka kila mwenye kitu cha hatari mikononi mwake, kiwe na uhai au kisiwe nao, achukue uangalifu wa kutosha ili kisidhuru maisha ya mtu, na inatambua kwamba kuua bila kukusudia kunaweza kutokana na uzembe mkubwa wa kutotimiza wajibu. Kwa upande mwingine, mtoto wa chini ya miaka 10 hawajibiki kwa kosa la jinai kabisa. Siku mwanao akifyatua bastola ile, Mungu aepushe, sheria haitamtazama yeye. Itamtafuta mtu mzima aliyeiacha mahali ambapo yeye aliweza kuifikia.

Hata hivyo sitaki mume wako asomwe hapa kama mtu mbaya. Aliyewahi kuzuiwa njiani usiku na watu wenye mapanga anaijua hofu ambayo sisi wengine tunaisikia tu, na wavuvi na wachuuzi wa ziwa hili wameporwa nyavu, injini na fedha kwa muda mrefu. Hofu hiyo ni ya kweli na ina haki ya kujibiwa. Lakini iangaliwe inapoanzia. Hatari yake iko barabarani, kati ya Mwaloni na Buhongwa, akiwa na fedha. Bastola inakaa juu ya kabati saa zile ambazo yeye yupo kazini au amelala, na waliobaki macho ni watoto. (Kama fedha hizo zinaweza kutumwa kwa simu kabla hajaondoka sokoni, hata hofu ya barabarani itapungua, ingawa najua si kila mteja hulipa hivyo.)

Ninachomshauri ni hiki: bastola iwe mwilini mwake, ndani ya mkoba wake wa kiunoni, au iwe ndani ya kasha la chuma lililofungwa kwa bolti ukutani au sakafuni, kusiwe na mahali pa tatu. Risasi zitengwe na zifungiwe kwingine. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2005, ulionyesha kwamba kufungia silaha, kuiweka bila risasi, kufungia risasi na kuzitenga na silaha, kila moja kwa nafasi yake, kulihusiana na watoto na vijana wachache zaidi kujeruhiwa majumbani. Kasha la kubonyeza namba hufunguka kwa sekunde chache hata gizani, mradi mwenyewe amejizoeza. Na namba hiyo isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtoto, maana hiyo ndiyo ya kwanza atakayoijaribu.

Zungumza naye watoto wakiwa wamelala, bila kumtajia sheria kwanza. Mrudie maneno ya mtoto kuhusu mwiko kama yalivyo, kisha umwombe apande kiti mwenyewe, aishushe, aangalie chemba mbele yako. Akikataa kabisa, mshirikishe mtu mzima wa ukoo anayemsikiliza. Na bastola iondoke juu ya kabati usiku huo huo, hata kabla kasha halijapatikana, na ikae kiunoni mwake.

SWALI: Nimesoma majibu yenu ya nyuma kuhusu silaha nikaona mnatuelemea sana wamiliki. Mimi nina gobore la marehemu baba, nalilinda shamba la mahindi dhidi ya ngedere. Tulikua likiwa limetundikwa ukutani, na hakuna aliyeligusa, kwa sababu tulilelewa. Siku hizi malezi yamelegea, halafu lawama anatupiwa mwenye bunduki. Silaha iliyofungiwa ni sawa na fimbo ya mbali, haiui nyoka. Na kama mtoto ameasi amri ya baba yake, kosa si lake? (Mzee wa Sengerema)

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Nami nimekulia kisiwani Ukerewe katika nyumba yenye gobore ukutani, na naikumbuka heshima unayoisema. Lakini nakumbuka pia kwamba sisi wajukuu tulilishusha siku babu alipokwenda msibani, tukalinusa mtutu, tukalirudisha, na hakuna mkubwa aliyejua mpaka leo. Halikuwa na baruti. Heshima yetu kwa babu ilikuwa kubwa, na bado tulilishusha. Kwa hiyo unaposema kwamba hakuna aliyeligusa, naomba uwaulize ndugu zako waliobaki.

Hiyo methali ya fimbo ya mbali ni ya haki, ila nyoka wako ni ngedere na huja mchana shambani, saa ambayo gobore liko begani mwako. Usiku huna kazi nalo. Nawe unajua kuliko mimi kwamba gobore likishashindiliwa baruti halipakuliwi kwa urahisi kama bastola. Kwa hiyo lisiingie ndani ya nyumba likiwa limeshindiliwa, na fataki, vile vidude vidogo vya kuwashia baruti, zikae mahali pengine palipofungwa, kwa kuwa bila fataki halilii. Na kwa kuwa ni la urithi, hakikisha lina leseni kwa jina lako wewe, maana leseni ya marehemu haikuhusu. Kama halina, nenda kituo cha polisi uwaeleze. Serikali imetangaza mara kadhaa vipindi vya kusalimisha silaha zisizo na kibali bila kushtakiwa.

Kuhusu kosa ni la nani, sikubaliani nawe, na nasema hivyo kwa heshima. Kuasi ni sehemu ya utoto. Mzazi hujua hivyo ndiyo maana huweka dawa ya panya mahali pa juu na kisima hukifunika. Hata Marekani, ambako haki ya kumiliki bunduki imo ndani ya katiba, hoja yako imepimwa mahakamani. Novemba 2021, huko Michigan, kijana wa miaka 15 aliwaua wanafunzi wanne shuleni kwa bastola ambayo baba yake alikuwa ameinunua siku nne kabla. Kijana alihukumiwa kwa kosa lake, naye alikuwa mkubwa wa kutosha kujua alichofanya. Kisha mwaka 2024 baba na mama nao walitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, kila mmoja akapewa kifungo cha kati ya miaka 10 na 15. Kosa la mtoto halikufuta la wazazi. Jimbo la Florida lilikuwa na sheria ya kuwabana wamiliki wanaoacha silaha mahali watoto wanapofika tangu mwaka 1989. Hao si watu wanaochukia bunduki, mzee wangu.

SWALI: Wanangu huenda likizo kwa mjomba wao Igoma, na nimesikia ana bunduki. Nitamuulizaje bila kumvunjia heshima? (Msomaji wa Nyamagana)

JIBU: Muulize kama unavyomweleza kwamba mmoja hali karanga na mwingine anaogopa mbwa, katika simu hiyo hiyo ya kupanga safari: “Kaka, hawa wanagusa kila kitu, ile bunduki unaifungia wapi?” Usimuulize kama anaifungia, muulize ni wapi, naye atalazimika kutaja mahali. Akitaja kabati, droo au chini ya godoro, mwambie likizo hii binamu zao ndio waje kwako.