Jibu: Pikipiki nane kutoka Tanga hadi Lushoto, mjipange vipi njiani

Mkuu mleta mada, umeuliza watu nane wenye pikipiki mchanganyiko (za cc 125, cc 150 na mbili kubwa) wajipange vipi kutoka Tanga mjini hadi Lushoto, na kama inawezekana kurudi siku hiyohiyo. Wachangiaji hapo juu wamekazania helmeti na koti. Sawa, vaeni, kamba ya helmeti ifungwe, na abiria awe na yake. Ila kinachowaangusha wengi kwenye msafara ni pengo kati ya pikipiki na pikipiki, na pengo hilo hulizalisha kiongozi bila kujua.

Chukua matuta ya kijiji chochote kati ya Muheza na Segera. Kila mmoja anapunguza hadi kilomita 20 kwa saa. Mkivuka tuta kwa kupishana sekunde 2, wa nane anavuka sekunde 14 baada ya kiongozi. Kiongozi akikaza mara tu baada ya tuta, muda huo ameshamwacha zaidi ya mita 200. Wa mwisho ili amfikie inabidi avuke 100, tena akiwa bado kijijini ambako kikomo ni 50, kuna watoto, mbuzi, na trafiki na tochi yake ya kupima mwendo. Mbele wanaona wanakwenda taratibu, kumbe mkia unakimbizwa. Dawa yake: ukivuka tuta la mwisho, baki kwenye 40 mpaka mfunga mkia (anayeendesha wa mwisho) akuwashie taa kubwa kwamba amevuka, kisha panda kidogokidogo hadi 70. Wenye pikipiki kubwa watachoka. Wavumilie, au watangulie wakawasubiri Korogwe.

Nane pia ni wengi kwa kundi moja. Gawaneni wanne wanne, makundi yaachane dakika 5, ili basi linalowapita lipate pa kurudi upande wake bila kuwabana.

Ndani ya kundi, kiongozi akae kulia kwa njia yenu, asiusogelee mstari wa kati. Wa pili akae kushoto, sekunde 1 nyuma yake. Wa tatu kulia, sekunde 2 nyuma ya kiongozi. Wa nne kushoto. Kwa 60, sekunde 2 ni mita 33. Kwa 80 ni mita 44. Kwenye kona, mvua, vumbi au barabara nyembamba, jipangeni mstari mmoja, kila mtu sekunde 2 au zaidi. Kwenda sambamba mkipiga soga, hapana: shimo likitokea hakuna pa kukwepea. Mwenye pikipiki dhaifu au aliyebeba abiria awe wa pili, ili kiongozi amwone kwenye kioo na mwendo ufuate wake. Mfunga mkia awe fundi wa kuendesha kuliko wote. Kumweka mgeni nyuma "asitusumbue" ni kumtupa.

Kulipita lori kila mtu anajiamulia mwenyewe. Aliye mbele kupita salama haina maana kwamba na wewe umeruhusiwa. Ukishapita usipunguze papo hapo, songa mbele umwachie mwenzako nafasi ya kuingia. Segera mtakata kulia kwenda Korogwe, na Mombo mtakata kulia tena kupanda Lushoto. Sehemu zote mbili mnakatiza mbele ya magari yanayokuja, kwa hiyo indiketa mapema, na anayekata asubiri mpaka amwone wa nyuma yake.

Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33 za kona. Kupanda, vunjeni msafara: kila mmoja aende kwa gia inayomfaa, mkutane Soni, mji mdogo ulio njiani. Ukiilazimisha 125 yenye abiria ifuate kubwa utaichemsha injini bure.

Kushuka ndiko kwenye kazi. Wapo wanaozima injini au kuweka frii ili waokoe mafuta. Msimkubali mtu huyo kundini. Tumia gia ya 2 au ya 3 injini ishikilie mwendo, breki uiminye kwa vipindi, uachie ipoe. Breki ya ngoma ikishika joto, ngoma inatanuka na kuvikimbia viatu vya breki vinavyoisugua kwa ndani, pedali inazidi kwenda chini na nguvu inapungua. Ya diski yenye mafuta ya zamani yaliyoingia maji huchemka, mkono wa breki unakuwa laini kama sponji. Ukiona dalili hizo, simama pembeni upoze dakika 15 au 20, na usimwagie maji.

Kabla ya safari: upepo upimwe tairi likiwa baridi, namba ziko kwenye stika ya pikipiki (nyingi ndogo ni karibu PSI 25 mbele na 28 nyuma, 32 nyuma ukibeba abiria). Cheni icheze sentimita 2 hadi 3. Oili ipimwe pikipiki ikiwa wima. Mfunga mkia abebe tyubu, pachi, pampu, spana ya plagi, plagi moja, kiungo cha cheni na kebo ya klachi. Leseni na bima kila mtu yake.

Uchovu nao ni hatari. Simameni kila saa moja, mnywe maji kabla ya kiu, kwani joto la Tanga hukausha mtu ilhali upepo unamdanganya. Mikono ikifa ganzi, unaishika handeli kwa nguvu mno. Fulana iliyolowa jasho ibadilisheni Mombo, na koti livaliwe hapohapo. Mkisubiri baridi iwashike juu, vidole vitakuwa vizito kwenye breki.

Akianguka mtu, wengine waegeshe nje ya lami, wawili wakaweke matawi ya miti barabarani mbele na nyuma, mbali na kona, na mmoja apige 112. Helmeti ya majeruhi anayepumua vizuri msiivue.

Kurudi siku hiyohiyo: ni karibu kilomita 170 kwenda tu. Mkitoka Lushoto saa 7 mchana mtaingia Tanga kabla ya giza. Saa 8 ikiwakuta bado mnakula, tafuteni gesti.