Kukompaili OpenCV kwa laptopu ndogo: jibu kwa kijana wa Chake

Juzi kijana mmoja wa Chake Chake kaniletea ujumbe usiku: "Assalaam alaykum kaka. Nakompaili OpenCV, inafika mbali kisha inaandika Killed na kusimama. Nafuta naanza upya, inanifanyia vile vile. Labda ninunue laptopu nyengine?"

Usinunue kitu, mdogo wangu. OpenCV ni maktaba ya programu, yaani msimbo ulioandikwa tayari, wa kuifanya kompyuta ichambue picha na video. Kukompaili ni kuugeuza msimbo huo uwe programu ambayo mashine inaweza kuiendesha.

Nilipokwenda Unguja kwenye semina moja, niliuliza suali hilo hilo, namna ya kuijenga maktaba hii kwenye laptopu yangu yenye memori ya GB 4. Mtoa mada akaitazama laptopu, mimi hakunitazama, akasema, "Hii si ya kazi hizo," akapokea suali jengine. Watu wakacheka. Neno lile bado linaniuma. Na laptopu ile ile ndiyo iliyofanya kazi msimu huu wa karafuu huku Wete. Kamera tuliifunga juu ya jamvi, na programu ikawa inachora duara jekundu kwenye kila konyo, yaani kikonyo cha karafuu, lililosalia ndani ya karafuu. Mama aliyekuwa akichambua akainama, akatazama kioo, akaokota makonyo kwa kufuata maduara, moja moja, kisha akasema, "Hii inaona, mwanangu." Nilifurahi siku ile kuliko siku niliyopokea cheti.

Sasa hiyo Killed. Maana yake memori imekwisha, Linux ikaiua kompaila ili kompyuta isigande. Chanzo chake mara nyingi ni make -j8 iliyonakiliwa kwa mtu mwenye mashine kubwa; make ndiyo amri inayokompaili, na namba ya -j ni kazi ngapi zifanywe kwa pamoja. OpenCV imeandikwa kwa C++ na ina mafaili mazito. Ukiyakompaili manane kwa pamoja, GB 4 haziwezi. Andika make -j2, ikikataa weka -j1, na utenge swapi, yaani nafasi ya kusaidia memori, ya GB kadhaa kwenye diski. Itachukua muda mrefu. Iache usiku kucha, ulale.

Na folda ya build, mnamowekwa kazi iliyokwisha kukompailiwa, usiifute! make inajua faili lipi limekwisha na lipi bado. Umeme ukikatika, nasi umeme wetu tunaujua, washa tena, andika make, itaendelea ilipoishia. Faili moja la .o, yaani lililokwisha kukompailiwa, likiharibika kwa kukatika huko, futa hilo tu.

Lakini kazi yenyewe hasa iko kwenye cmake, amri inayotangulia make na kupanga kitakachojengwa, na hapo ndipo vijana wetu hawana subira. Ikimaliza inatoa ripoti ndefu. Isome mstari kwa mstari kabla hujagusa make. Mimi nilihitaji GStreamer, programu ya kupitishia video, kwa ajili ya kamera, na pakiti ya Linux iliyojengwa tayari, ile inayosakinishwa kwa pip ya Python, haina. Ndiyo maana nikajenga mwenyewe. Wewe kama unafungua picha tu, pip inakutosha, usijitese. Ripoti ikikuandikia NO kwenye GStreamer au FFMPEG (nayo ni ya kusoma video), simama, sakinisha pakiti zake za dev, yaani zenye mafaili ya kujengea, rudia cmake. GTK, ya kufungulia madirisha, ikikosekana, imshow, amri ya kuonyesha picha, itakukatalia siku unayoihitaji. Na numpy, maktaba ya hesabu ya Python, isipokuwepo, moduli ya Python haijengwi kabisa.

Bando nalo ni pesa. Pakua kwa git clone --depth 1, usivute historia nzima ya mradi. Kwenye cmake zima BUILD_TESTS na BUILD_PERF_TESTS, ni programu za majaribio tu. Maelezo ya zamani yatakwambia SIFT, njia ya kutafuta alama bainifu kwenye picha, inataka opencv_contrib, mkusanyiko wa moduli za ziada. Hataza ya SIFT iliisha Machi 2020, na tangu toleo la 4.4.0 imo kwenye maktaba kuu. Ukiihitaji contrib kwa jambo jengine, toleo lake lilingane na la OpenCV yenyewe. cmake pia hupakua vitu vyake njiani na kuviweka kwenye folda ya .cache, kwa hiyo iendeshe pale penye intaneti nzuri. make unaweza kuifanyia nyumbani bila mtandao.

Ndugu zangu, someni! Anayekwambia kompyuta yako haifai hajaisoma ripoti yako. Ujuzi huu hauna mwenyewe, na karafuu ni zetu.

Ukimaliza make install, endesha sudo ldconfig ili Linux iitambue maktaba mpya, kisha ingia Python uite cv2.getBuildInformation(). Ukiona bado GStreamer imeandikwa NO wakati kwenye cmake ilikuwa YES, basi Python inakamata ile ya pip uliyoisakinisha zamani. Iondoe kwa pip uninstall opencv-python, ujaribu tena.