Babu yuko Nangijala?

SWALI: Shikamoo Bibi. Tunaishi Malmö. Juzi binti yangu wa miaka 7 aliangalia kwa rafiki yake filamu ya Kiswidi, Bröderna Lejonhjärta. Tangu siku hiyo ananiuliza kama babu yake, tuliyemzika Tanga mwaka jana, yuko Nangijala, nchi ya kwenye filamu hiyo wanakokwenda waliokufa. Baba yake anataka filamu hiyo isitajwe tena nyumbani. Nifanyeje? – Mama wa Malmö

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni na msiba.

Mimi niliiona Göteborg miaka ya 80, nikiwa mwanafunzi, nikalia mpaka mwenye nyumba wangu akanichemshia kahawa. Olle Hellbom aliitengeneza mwaka 1977 kutokana na kitabu cha Astrid Lindgren cha 1973. Karl ni mgonjwa, analala jikoni, anakohoa usiku kucha. Kaka yake Jonatan humpa maji ya moto yenye asali, na humwita Skorpan, yaani ule mkate mkavu wa kuchovya kwenye kahawa. Anamwahidi kwamba akifa ataenda Nangijala. Kumbe anayetangulia ni kaka: nyumba inaungua, anambeba mdogo wake mgongoni na kuruka naye dirishani, anakufa; baadaye Karl naye anamfuata Nangijala.

Lindgren alizaliwa Vimmerby, na kwenye makaburi ya huko aliona msalaba wa chuma wa ndugu wawili wadogo waliofariki mwaka 1860. Nangijala ilianzia hapo, makaburini. Kwa hiyo mwanao hajapotea njia. Mwambie Nangijala ni nchi ya hadithi, kisha mweleze nyinyi mnaamini babu yuko wapi. Baba yake awepo na aseme mwenyewe; kunyamaza hakutamsaidia, mtoto ameshaona.

Joka Katla lisikusumbue, mimi hata enzi zile nililiona la mpira. Kinachonisumbua ni mwisho. Moto wa Katla umempoozesha Jonatan, na Skorpan anambeba mgongoni waruke gengeni, wafe tena, waende Nangilima, nchi nyingine ya baada ya hapo. Waswidi wenyewe walibishana sana juu ya hapo. Usizunguke: mwambie hakuna anayemfikia marehemu kwa kuruka. Muulize ameelewa nini. Akisema anataka kumfuata babu, usimwache peke yake, na siku hiyo hiyo zungumza na muuguzi wa shule.

Asiposema hivyo, itazameni pamoja, wewe na rimoti mkononi. Ikifika pale Jonatan anapomwita mdogo wake Skorpan, simamisha umuulize: babu alikuwa akikuita nani?