Maji yanatoka kisogoni baada ya upasuaji

SWALI: Dada yangu alipasuliwa Dar es Salaam kwa tatizo la Chiari (sehemu ya chini ya ubongo wa nyuma kushukia shingoni), wiki tatu zilizopita. Kidonda kilikuwa kimefunga. Sasa kisogoni pana uvimbe laini, na kila asubuhi mto umelowa maji meupe kama ya kisima. Shangazi anataka kumkanda kwa maji moto. Tusubiri kliniki?
– Msomaji, Masasi

JIBU: Msisubiri. Mpelekeni hospitali leo hii, ya karibu kwanza. Msimpandishe basi la Dar kabla hajaonwa na daktari. Katika upasuaji huu hupunguzwa mfupa wa kisogo, na mara nyingi utando wa ubongo hufunguliwa na kutiwa kiraka. Mshono ukivuja, maji ya ubongo hujikusanya chini ya ngozi. Uvimbe mtupu huweza kunywea wenyewe, lakini maji yakishatoka nje, vijidudu navyo vina njia ya kuingia, na homa ya uti wa mgongo huua.

Mwambieni shangazi, kwa heshima, asimkande wala kuminya. Wekeni shashi safi na kavu. Chukueni barua ya ruhusa na picha za MRI, daktari azungumze na aliyempasua.

Mweleze daktari kama kichwa humuuma akisimama na kutulia akilala. Kutapika na kusinzia kupita kiasi huweza kuashiria maji yanajaa kichwani. Kwa nadra, mfupa ukiwa umetolewa mwingi mno, ubongo wa nyuma hushuka na maumivu hurudi hata baada ya miezi. Akipaliwa na mate, shingo ikikakamaa, au pumzi ikikatika usingizini, ni dharura, hata usiku wa manane.