Mwalimu wa Newala anataka kuacha miwani avae lenzi

SWALI: Dokta shikamoo. Mi ni mwalimu wa sekondari huku Newala, navaa miwani toka nikiwa form two, namba yangu ni -5 macho yote mawili (vya mbali sivioni). Kwa kweli nimeichoka, jasho likitoka inateleza, mvua ikinyesha sioni, kwenye bodaboda kwenda Kitangari ndo kabisa inajaa vumbi. Kuna mwenzangu anavaa lenzi, zile za kuweka juu ya jicho lenyewe, anasema analala nazo na hajawahi kuumwa. Nataka niagize Dar kwa kutumia kile cheti changu cha miwani. Maji tunayotumia ni ya kisima cha kuvuna mvua ila ni masafi, tunakunywa. Pia msimu wa salfa huwa namsaidia baba kupuliza mikorosho. Je, nitaweza lenzi?

JIBU: Marahaba mwalimu. Kuweza utaweza, watu wa namba kama yako wengi tu wanavaa na wanafurahi sana, maana kwenye -5 miwani inafanya vitu vionekane vidogo na pembeni huoni vizuri, lenzi inaondoa hiyo shida. Ila mambo manne uliyoyaandika hapo yananipa wasiwasi, cheti, kulala nazo, maji na salfa, na linalonitisha kuliko yote ni maji.

Cheti cha miwani hakifai kuagizia lenzi. Miwani inakaa kama milimita 12 mbele ya jicho, lenzi inalalia jicho lenyewe, kwahiyo -5 yako mara nyingi inashuka inakuwa -4.75. Alafu kuna upinde na upana wa lenzi, ikikubana inalinyima jicho hewa, ikilegea inatembeatembea na kukwaruza, na hivyo vyote havipo kwenye cheti chako. Lazima uvalishwe, mtaalamu akuangalie kwa mashine lenzi inavyosogea ukipepesa. Ukishuka Mtwara mjini uliza kliniki ya macho Hospitali ya Ligula au kule Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, ila piga simu kwanza uulize kama wanapima LENZI, maana sio kila anayepima miwani anapima na lenzi. Kama hawapimi waulize wakuelekeze Dar.

Huyo mwenzako anayelala nazo mwambie aache leo leo. Kile kioo cha mbele ya jicho hakina mishipa ya damu, oksijeni yake kinaipata kwenye hewa moja kwa moja, sasa ukifumba jicho usiku kucha na lenzi ipo ndani unakuwa umekifungia, kinavimba, vijidudu vinapata pa kuingilia. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inasema kulala na lenzi kunaongeza hatari ya maambukizi mara 6 mpaka 8. Hata usingizi wa mchana baada ya vipindi, zitoe.

Sasa maji. Najua huko uwanda wa Makonde maji yanavyopatikana kwa shida na najua kisima cha mvua mnakitunza, wala sikidharau. Lakini maji ya kunywa na maji ya kugusa lenzi ni vitu viwili. Kuna kimelea kinaitwa akantamiba, kinaishi kwenye visima, matenki, mabomba, bahari, kila mahali, ukikinywa hakikufanyi kitu ila kikinaswa chini ya lenzi kinakula kioo cha jicho taratibu, maumivu yake makali, matibabu yanaenda miezi mingi na wengine wanapoteza uoni. Kwahiyo lenzi isioshwe kwa maji yoyote, ya kisima, ya bomba, ya chupa, hata yaliyochemshwa, na mate ndo usithubutu. Ni dawa yake ya kuoshea tu. Unaoga, toa. Umeenda Msimbati kuogelea, toa. Na mikono ukishanawa kwa sabuni ikaushe vizuri kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi ndo ushike lenzi, watu wananawa vizuri alafu wanaishika vidole vikiwa vinachuruzika, hapo hujafanya kitu.

Ndio maana ushauri wangu kwako ni lenzi za siku moja, zile unavaa asubuhi jioni unatupa. Bei iko juu kuliko za mwezi lakini huhitaji kikopo cha kuhifadhia lenzi wala chupa ya dawa, na kwa mazingira yako nazipenda sana hizo, we vaa siku za shule tu, nyingine miwani. Ukiamua za mwezi basi kila ukitoa isugue kiganjani kwa dawa, isuuze kwa dawa, kikopo mwaga dawa ya jana yote usiongezee mpya juu yake, asubuhi kikopo kisuuze kwa dawa kigeuze kikauke, na kila miezi mitatu kitupe ununue kingine.

Kabla ya kuvaa iweke kwenye ncha ya kidole uitazame kwa ubavu kwenye mwanga. Kingo zikisimama wima kama bakuli iko sawa, zikitanuka kwenda nje umeigeuza, utavaa itakuwasha siku nzima ukidhani ni vumbi.

Salfa hapana kabisa. Ule unga unaingia chini ya lenzi na hautoki, unakwaruza na kuchoma. Siku ya kupuliza, Juni Julai hizo, ni miwani yako na gogozi (miwani mikubwa ya kukinga vumbi) juu yake, na ukirudi uoge ubadili nguo, lenzi mpaka kesho. Kwenye bodaboda pia ukivaa lenzi weka miwani ya jua au ushushe kioo cha helmeti. Kwahiyo hiyo miwani yako ya -5 usimpe mtu, utaihitaji, na siku jicho likiwa jekundu ndo ya kuvaa.

Jicho likiwa jekundu, linauma, linaogopa mwanga au limepata ukungu, toa lenzi hapo hapo usirudishe, nenda hospitali siku hiyo hiyo, nenda na lenzi na kikopo chake wavipime. Tafadhali usipitie duka la dawa ukapewa tone lolote, mengine yana steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe), yanatuliza wekundu huku kidonda kinachimba ndani.

SWALI: Dokta habari. Naolewa mwezi ujao hapa Lindi, somo yangu kaniletea lenzi za rangi ya asali nivae siku ya harusi. Tumeshajaribu mimi na mdogo wangu. Nizivae na wanja?

JIBU: Hongera sana bibi harusi. Hizo mlizojaribiana zitupe, lenzi haiazimwi hata kwa ndugu wa tumbo moja. Za rangi nazo zinapimwa kama lenzi nyingine hata kama hazina namba, kwahiyo nenda ukapimwe mapema, una mwezi mzima. Siku yenyewe vaa lenzi kwanza ndo upakwe wanja na poda, usiku toa lenzi kwanza ndo unawe uso. Na mdogo wako muulize leo kama jicho linamuwasha au limekuwa jekundu, kama ndio mpeleke Hospitali ya Sokoine, msisubiri harusi ipite.